Motokari inakunywa maji: niitengeneze au niiachilie?

Baba wa safu, jambo sana.

Nakuandikia toka Ruashi, hapa Lubumbashi. Niko na depo ndogo ya unga, sukari na mafuta ya kupikia, na motokari ndiyo inayobeba kazi yangu. Ni Toyota RAV4 ya mwaka 2003. Tuliinunua 2018 kwa dola 6,200, usukani uko kuume kama nyingi za huku kwetu. Kila juma inanipeleka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kunirudisha na mzigo. Siku nyingine inapeleka watoto masomoni na bwana kazini mjini.

Mwaka jana ilinikula dola 1,350: amotisere (shokabu) zote nne, mipira minne, kardani moja na alternateri. Nikasema sasa imepona. Kumbe tangu mwezi wa saba inakunywa maji. Asubuhi ninajaza, jioni ninakuta yameshuka, na chini ya motokari hakuna hata tone. Siku moja tumetoka Kasumbalesa jua linazama, watoto wawili nyuma pamoja na magunia, mshale wa joto ukapanda mpaka juu. Tulikaa kando ya barabara, kamiyo zinapita zikitutikisa, mpaka injini ilipopoa.

Fundi anasema ni jointi ya kulasi (kichwa cha injini, kinachokaa juu ya bloku) na anataka dola 700. Akaongeza: "Mama, motokari ya miaka zaidi ya ishirini haiponi tena, uza." Bwana wangu alilishika neno hilo na hajaliachia. Wenzake kazini wote wamebadilisha, na siku za harusi anaona haya kuegesha yetu karibu na zao.

Shemeji, ndugu wa bwana, analeta motokari kupitia Dar es Salaam. Ana RAV4 ya 2008, kilometa 82,000, anatuachia kwa 9,000 "kwa sababu ni familia". Yetu, vilevile ilivyo, kuna mtu anatoa 2,500. Mimi ninaweza kutoa 2,500 kwenye pesa ya depo. Zinabaki 4,000, ambazo koperative inakubali kutukopesha kwa miezi 18, riba asilimia 2.5 kila mwezi juu ya deni lote la mwanzo.

Baba, mtu anapaswa kukaa na motokari miaka mingapi? Na shemeji nimwambie nini? Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mama wa Depo, Ruashi

*

Mama, jambo sana, na pole kwa ile jioni ya Kasumbalesa.

Nianze na swali lako la miaka, maana fundi wako amekujibu haraka mno. Idadi ya miaka haipo. Kuna motokari ya miaka minane iliyokwisha, na kuna ya miaka ishirini na mitano inayopeleka mkaa Likasi bila kulalamika. Tena ona jambo lenyewe: kama tatizo ni umri, dawa anayokuletea shemeji ni motokari inayoifuata ya kwako kwa miaka mitano tu. Mkimaliza kulipa deni na kupumua kidogo, yule yule fundi atakuja kukwambia maneno yale yale juu ya hiyo.

Motokari nyingi za huku zimetumika kwanza Japani. Unajua kwa nini Wajapani wanaziachilia? Kule motokari mpya inafanyiwa ukaguzi wa serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Ya esansi (petroli) ikipita miaka 13, kodi yake inapandishwa. Kwa hiyo mtu wa kule anaweza kuiacha motokari nzima kwa sababu makaratasi yamemchosha. Mwaka ulioandikwa kwenye vitabu vyake unakwambia mambo ya kodi ya Japani kuliko mambo ya injini. Nyingine zinakuja zikiwa na afya kabisa. Nyingine zimetoka kaskazini, Hokkaido na mikoa ya theluji, ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, na hizo zinafika zikiwa zimeliwa na kutu chini wakati juu zinang'aa. Kwa macho ya kawaida, pale kwenye parking ya muuzaji, zote mbili zinafanana.

Basi tuache miaka, tuhesabu pesa. Na tuhesabu miezi kumi na miwili inayokuja, siyo iliyopita. Zile 1,350 za mwaka jana zimekwisha kutoka. Zisikufanye ung'ang'anie motokari, wala zisikufanye uichukie. Ila vitu zilivyonunua bado viko pale. Amotisere ni mpya, mipira ni mipya, alternateri ni mpya. Yule anayekupa 2,500 hakulipi chochote kwa hivyo, anavichukua bure.

Ukibaki na yako: 700 za fundi. Matengenezo ya kawaida nitayawekea 1,000, na hapo nimekuwa mkali makusudi, kwa sababu amotisere na mipira hutazinunua tena mwaka huu. Siku zitakazokwama gereji utakodi motokari ya mtu kubebea mzigo, tuseme 300 kwa mwaka. Nayo itapoteza bei kidogo, labda 300, kwa sababu iliyokwisha kushuka haina tena mahali parefu pa kuangukia. Jumla 2,300.

Ukichukua ya shemeji: riba peke yake ni dola 100 kila mwezi, kwa sababu koperative inaihesabu juu ya 4,000 zote hata ukiwa umekwisha kurudisha nusu. Mwaka wa kwanza ni 1,200, na mpaka mwisho wa miezi 18 ni 1,800. Motokari ya 9,000, ukitaka kuiuza baada ya mwaka, bahati yako ukipata 7,800. Hapo 1,200 nyingine zimeyeyuka bila kelele. Mafuta yote ya kubadilisha, betri, vichujio, na kitu kimoja au viwili ambavyo barabara yetu itavivunja mapema, weka 600. Jumla 3,000, na kama plake (namba) na makaratasi hayamo katika bei ya shemeji, ongeza.

Makadirio haya ni yangu. Wewe weka yako, unaijua motokari yako na barabara zako. Lakini hata ukisogeza tarakimu huku na huku, ya zamani inaendelea kuwa rahisi, na riba ndiyo inayoharibu hesabu ya ile nyingine. Ungekuwa na 9,000 zako mkononi, zisizo na kazi, ningekujibu kwa namna nyingine.

Bado sijataja kinachonitia wasiwasi zaidi. Kila mwezi utakuwa unarudisha 222 za deni na 100 za riba, yaani 322, na papo hapo umekwisha kutoa 2,500 katika depo. Hizo 2,500 ni magunia, mama. Zinazunguka, zinazaa. Faida yako kwa gunia unaijua wewe, mimi siijui, lakini kaa chini uhesabu zile pesa zinakuletea kiasi gani kwa mwaka zikibaki dukani, kisha uongeze hesabu hiyo juu ya bei ya motokari ya shemeji. Wafanyabiashara wengi wa mji huu wamebadilisha mtaji kuwa bati lenye magurudumu, halafu wakaanza kuitumia motokari mpya kutafutia mkopo wa kununua bidhaa.

Hayo yote, hata hivyo, yanasimama juu ya neno moja: kwamba zile 700 zitaponya kweli. Hapo ndipo ningetaka umbane fundi.

Maji yanayopotea bila tone chini mara nyingi yanakwenda mahali pawili. Ama yanaingia ndani ya injini na kuungua, ama yanachuruzika juu ya chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika chini. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (siyo vuguvugu, baridi, usije ukaungua uso), fungua kifuniko cha radiata. Kiangalie chenyewe kwanza: mpira wake ukiwa umepasuka au springi imelegea, maji yanatoroka kwa mvuke, na kifuniko kipya ni pesa ndogo sana. Kisha mwambie mtu awashe injini. Mapovu yakiendelea kutoka bila kuisha, au maji yakinuka moshi, gesi ya injini inapita kwenye jointi. Chomoa kijiti cha mafuta na ufungue kifuniko cha kumwagia mafuta: ukikuta utelezi wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye mafuta, usiiwashe tena mpaka itengenezwe.

Sasa jambo la RAV4 yako hasa. Nyingi za mwaka ule zilizotoka Japani na injini ya lita 2 zimeandikwa D-4 kwenye kifuniko cha injini. Ni injini nzuri, lakini bloku yake ni ya aluminiamu, na injini za ukoo huo zina ugonjwa unaojulikana na mafundi wa dunia nzima: buloni (boliti) za nyuma zinazoikaza kulasi zinavuta hesi za kwenye bloku, yale meno yanayoishika buloni, mpaka zinakatika. Buloni inazunguka bure, haikazi tena, na maji yanapenya upande wa nyuma, ule unaotazama miguu ya dereva, mahali ambapo mtu haoni bila taa na kioo. Yanakauka pale pale na kuacha alama kama ya chokaa au waridi. Mwambie fundi amulike pale mbele ya macho yako.

Kwa sababu kama ni hivyo, kubadilisha jointi peke yake ni kazi bure. Ataweka mpya, ataikaza kwenye hesi zilizochoka, utatembea wiki chache, na maji yataanza tena. Dawa yake ni kutoboa upya na kupandisha hesi za chuma ndani ya bloku, kuweka buloni mpya, na kupeleka kulasi kwa mtu mwenye mashine ya kuipima kama imepinda, maana ile jioni ya mshale juu inaweza kuwa imeipindisha. Muulize hivi: "Zile 700, hesi zimo? Kupima kulasi kumo? Buloni mpya zimo?" Akianza kucheka au kukwambia wewe ni mwanamke utajua nini, tafuta fundi mwingine. Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba na karakana za mgodi, haukosi watu wanaojua kufanya kazi na chuma.

Na akishafungua, nenda mwenyewe uone. Kulasi ikiwa imepasuka, au bloku imeharibika, hesabu yangu ya juu inakufa. Hapo usimwage pesa tena. Iuze ikiwa imefunguliwa hivyo hivyo kwa mtu wa piesi (vipuri), au upige hesabu ya injini nyingine ya okazioni (iliyotumika). Uamuzi wa kuendelea ufanywe kulasi ikiwa mezani, siyo leo.

Mpaka hapo, Kasumbalesa usiende nayo. Oktoba ndio mwezi wa joto kuliko yote kwetu, na kilometa karibu 90 na mzigo juu ya injini inayokunywa maji zitakugeuzia 700 kuwa 2,000. Kodi motokari kwa majuma machache.

Tuje kwa ile ya shemeji. Sisemi ni mbaya, sijaiona. Nasema kilometa 82,000 ni neno mpaka liwe na karatasi. Motokari nyingi za Japani zinapita mnadani, na mnadani kila moja inaandikiwa karatasi ya hali yake, yenye kilometa, alama, na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo. Alama ya R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Cheti cha kutolea motokari Japani nacho mara nyingi kinaonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Shemeji anayefanya biashara hiyo anazijua karatasi hizo kuliko mimi. Aziweke mezani, na namba ya chesi ilingane. Halafu fundi asiyemjua aiangalie chini, hasa kutu, na aitembeze mpaka ipate moto.

Lakini kuna tatizo ambalo karatasi haiwezi kulitatua. Ukinunua kwa mtu baki, bwate ya vitesi (giaboksi) ikifa mwezi wa pili, unagombana naye na mambo yanakwisha. Ukinunua kwa shemeji, hakuna kugombana. Kuna kikao cha familia, kuna mama mkwe atakayesema ulimdharau mwanawe, na mwishoni utalipa mwenyewe ukiwa kimya. Bei ya familia inanishtua kuliko bei ya soko.

Na jambo moja ambalo wewe hukulitaja, ila linanigusa kila ninaposafiri barabara ile. Sisi tunatembea upande wa kuume na usukani wenu uko kuume. Ukiwa nyuma ya kamiyo ya madini, unatazama bati lake na majani ya kando. Anayekuja mbele humwoni mpaka umekwisha kutoka nusu. Unamuuliza aliyekaa kushoto, "Iko wazi?" na maisha yako yako mdomoni mwake, labda ni mtoto, labda ni gunia la sukari ambalo halijibu. Ya shemeji nayo, kama imetoka Japani, karibu hakika iko vilevile. Ninakubali kwamba ya 2008 inaweza kuwa na mifuko ya hewa mingi zaidi, na baadhi zina mfumo wa VSC unaoizuia motokari kuteleza kwenye kona ya mvua, jambo la maana kabisa. Ila mimi siku ya kutoa dola 9,000 na kuingia deni, ningetaka angalau usukani uhamie kushoto. Hizo zinapatikana, zinakuja toka Ulaya na Dubai, ni ghali zaidi, na ndiyo maana nataka uanze kuweka pesa sasa.

Weka namna hii. Koperative ilikuwa tayari kuchukua 322 kila mwezi. Ukitengeneza motokari, weka 150 tu kila mwezi mahali ambapo depo haiwezi kuzifikia, hata ikiwa ni likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) ya wamama mnaoaminiana. Baada ya miaka miwili ni 3,600, bila riba ya mtu. Matengenezo makubwa yakija yanalipwa humo, yasipokuja fungu linakua.

Uliuliza ukae nayo mpaka lini, na sitaki kukuacha bila jibu. Iachilie siku kutu itakapofika kwenye chuma kinachoshika magurudumu, maana hapo ni roho za watoto. Iachilie bwate ikianza kuteleza na bei ya kuitengeneza ikakaribia bei ya motokari nzima. Iachilie ikikulaza njiani mara kwa mara kwa magonjwa tofauti tofauti, leo umeme, kesho maji, kesho kutwa esansi, hata kama kila ugonjwa ni wa bei ndogo, kwa sababu biashara yako inataka motokari inayofika. Ugonjwa mmoja mkubwa unaojulikana jina lake, kama huu, si sababu bado. Na kila mwaka kiangazi kinapoanza, rudia ile hesabu ya miezi kumi na miwili kwa bei za wakati huo. Mwaka ambao ya zamani itashindwa, iuze bila kulia.

Bwana wako sasa. Usimfanyie mzaha. Mwanaume kuona haya mbele ya wenzake ni jambo la kweli, na ukimwambia ni upuuzi atanunua motokari nyuma ya mgongo wako. Mwonyeshe karatasi mbili za hesabu, na umwambie tofauti ni dola 700 za mwaka mmoja, mbali na mtaji wa depo. Kama anaona kuegesha vizuri kwenye harusi kuna thamani hiyo, aitoe katika mshahara wake, siyo katika magunia yako. Huenda atasema ndiyo, na ni haki yake. Rangi mpya ya bampa na viti kufuliwa vizuri vinaweza pia kumtuliza kwa pesa ndogo. Ameishi na vumbi jekundu la Ruashi miaka yote hii.

Kwa shemeji, nenda pamoja na bwana, wala si wewe peke yako, na bwana ndiye aseme, kwa sababu ni ndugu yake. Aseme hivi: "Yaya, asante kwa kutufikiria. Mwaka huu hatuingii deni. Hiyo usiishikilie kwa ajili yetu, iuze. Tukiwa tayari tutakuomba ututafutie ya usukani wa kushoto, na utuletee karatasi za mnadani." Kama shemeji ni mdogo kwa bwana, basi aondoe hilo "Yaya", neno la kumwita ndugu mkubwa, mengine yabaki.